Karatasi Kwenye Pochi

Februari 3

Mwanangu,

Salamu nyingi. Hujambo na hicho kikohozi chako? Mimi huku ni mzima kabisa. Naandika kwa sababu kwenye simu sisikii vizuri.

Bima wamenirudishia fomu. Ile damu niliyotolewa zahanati, ya kupima homoni za tezi ya shingo, wanasema hawailipii, na bila malipo haipimwi. Sasa si ndiyo kazi yako kutwa nzima, kuwajazia bima fomu za wagonjwa? Hebu waambie wenzako waache mchezo. Nimevaa sweta mbili saa sita mchana, jirani ananiuliza nasafiri kwenda wapi!

Mama yako

Februari 16

Shikamoo Mama,

Kikohozi kimepona. Nimewapigia zahanati, wakanisomea fomu yako. Kazi yetu iko hivi: kila kipimo kina namba yake, na lazima kiwe na namba ya sababu. Sababu tunaitoa kwenye maandishi ya daktari, hatubuni. Wako ameandika, "Hana malalamiko." Basi aliyejaza akaweka namba ya mtu mzima aliyekuja kuangalia afya tu, na bima hailipii homoni za mtu asiyeumwa. Hata mimi ningeweka hiyo hiyo. Naiweka kila siku, wala sijawahi kujiuliza ni mama wa nani.

Ulimwambia nini daktari?

Kifunguamimba wako

Machi 2

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima, namshukuru Mungu.

Nimwambie nini tena? Kaniuliza, "Habari za afya, mama?" Nikamjibu, "Nzuri, mwanangu." Ulitaka mtoto wa watu anisalimie, nami nimmwagie uchovu na choo kigumu? Nikangoja aulize tena, hakuuliza. Damu niliiomba mwenyewe, nikamwambia marehemu dada yangu alikuwa na tezi.

Wewe weka tu namba ya ugonjwa, yaishe. Nani atajua?

Mama yako

Machi 11

Shikamoo Mama,

Siwezi. Fomu haiko kwetu, na ingekuwepo ningefukuzwa kazi. Halafu niandike ugonjwa gani, na wewe kila barua u mzima? Nimekasirika, Mama, nisamehe. Huo uchovu umeanza lini? Mbona hukuniambia?

Humu kwenye bahasha nimeweka karatasi. Nimeorodhesha: uchovu, baridi, nywele kukatika, sauti kukwaruza, kuvimba uso, choo kigumu. Weka alama kwenye yaliyo kweli tu. Nenda nayo, umpe daktari kabla hata hajakusalimia. Akiyaandika, zahanati watarekebisha namba.

Kifunguamimba wako

Aprili 9

Mama,

Mwezi mzima sasa. Ulikwenda? Nampigia jirani hapokei. Kazini najaza fomu nazikosea. Tafadhali niandikie, hata mstari mmoja.

Kifunguamimba wako

Aprili 20

Mwanangu,

Anayeandika ni muuguzi, mimi nasema tu. Mikono imevimba.

Karatasi nilikwenda nayo. Daktari alikuwa mwingine, kijana mwenye adabu kweli. Akanyanyuka kunivutia kiti, akaniuliza habari. Nikasema nzuri. Ikatoka tu, mwanangu, mdomo umezoea. Baada ya hapo nikaona aibu kuitoa karatasi, nikarudi nayo nyumbani kwenye pochi.

Wiki iliyopita nilianguka jikoni. Jirani na wanawe walinibeba hadi hospitali, na wakitafuta kadi yangu ya bima wakaikuta karatasi yako. Nilikuwa nimeweka alama kote. Damu imepimwa, bima wamelipa bila neno. Daktari anasema tezi imelala muda mrefu, na moyo umechoka. Dawa wananipa. Kama nitapona hasemi, anasema tusubiri.

Muuguzi ananiuliza mbona hatujaanza kwa kusema mimi ni mzima, kama barua zote zinavyoanza. Nimemwambia aandike ninavyosema, asiongeze kitu: naumwa, mwanangu, na naogopa. Njoo.

Mama yako