Mtakatifu Antoni Kisimani

Zelia uko wapi?? Nimeaibika leo, bora ningezikwa na Bibi Piedade!

Tumetoka makaburini, nyumba imejaa watu, padri anakunywa chai. Shangazi Ofelina kaenda kisimani kuteka maji ya kuosha vikombe. Kaona kamba ya pili. Kavuta.

Mtakatifu Antoni! Ile sanamu bibi aliyokuwa akiisalia rozari kila alfajiri! Kafungwa miguu, kichwa chini, anachuruzika maji!

Padri kauliza, "Huyu naye kakosa nini?"

Shangazi, na sauti yake ile: "Bibi alimwambia hatoki humo mpaka Lavina apate mume."

MPAKA LAVINA APATE MUME. Mbele ya padri! Mbele ya vitukuu wenzangu wote! Na Savio wa jirani kasimama pale na sahani, ananitazama tu. Kesho mji mzima wa Margao unajua.

Nikasema, "Basi mfungueni, bibi si hayupo tena?"

Padri kacheka mpaka chai ikamwagika. "Hayupo? Saa hizi wako uso kwa uso huko juu. Namhurumia Antoni!"

Tukacheka, tukalia.

Wageni walipoondoka nikamfuta, nikambusu, nikamrudisha kisimani kichwa chini. Amri ya bibi niivunje mimi?

Kamba kanishikia Savio.