Siku Kumi za Kyoto

Jumapili, 5 Machi 2017

Nimepoteza siku kumi. Zilipotea juzi Ijumaa, saa saba mchana, nje ya kanisa, Abu Hamour, huku ughaibuni tunakofanya kazi. Maurice, mume wangu, alininyang'anya huku akitafuna sambusa! Likizo yake kampa Ramadhani, dereva mwenzake. Bosi wao ana madereva wawili na huruhusu mmoja tu asafiri kwa wakati mmoja. Mamake Ramadhani anapasuliwa huko Tanga.

Eti mama ni mmoja, maua ya Japani tuliyopanga kuyaona hurudi kila mwaka.

Hata mimi hurudi kila Ijumaa. Labda ndiyo sababu.

Jumatatu, 6 Machi

Hesabu. Ndoa, miaka sita. Yeye analala kwa bosi, Al Rayyan. Mimi hosteli ya hoteli ninakofanya kazi, Al Mansoura, wanawake wanne chumbani. Tunaonana masaa manne kila Ijumaa. Mara 52 — siku nane na masaa kumi na sita. Mwaka mzima haufiki kumi!

Kenya tulijaribu 2015. Yeye akatekwa na ndugu zake Kisii, mimi na dada zangu Murang'a. Mazishi mawili, harusi moja. Tukalala nyumba moja siku tatu tu.

Ndiyo nikasema Japani. Huko hatuna shangazi.

Jumanne, 7 Machi

Cheryl wa mapokezi kanicheka. "Maua nayo! Si uende Corniche, pale ufukweni, yako bure?"

Hajui. Mama mmoja mzee wa Kijapani, chumba 614, aliniachia kitabu chake cha safari, akanichorea njia kwa mkono wake. Tokyo hadi Kyoto kwa treni, dakika 140. Halafu Nara — kulungu zaidi ya elfu, wanakuinamia ukiwapa biskuti. Mimi nimetoka kusugua vyoo hadi kaunta bila kumwinamia mtu. Kulungu ningemwinamia.

Kitabu anacho Maurice tangu Januari. Akirudishe!

Alhamisi, 9 Machi

Ramadhani kapiga simu. "Shemeji, mama amepasuliwa salama. Amekunywa uji. Mungu awalipe." Alikuwa analia.

Nikamwambia alhamdulillahi, na nilimaanisha. Hilo ndilo linaloniudhi.

Ijumaa, 10 Machi

Karudisha kitabu, kwenye mfuko wa supamaketi, kama mkate. Ndani kimejaa risiti za petroli — alama zake. Kijiji cha milimani, mapaa marefu ya nyasi: kaandika pembeni, "Unene gani? Kumuuliza fundi." Babake alikuwa fundi wa kuezeka.

Ukurasa wa nyumba ya wageni. Picha: chumba cha mikeka, magodoro mawili sakafuni. Chini, mwandiko wake mdogo: "Moja latosha."

Nikajifanya nimeingiwa na vumbi machoni.

Nikamuuliza: basi Novemba, majani yakiwa mekundu?

"Tutaona, mke wangu."

Dunia nzima huiambia ndiyo. Mimi — tutaona!

Jumapili, 12 Machi

Nimemtumia hivi, nanakili nisije nikajikana:

"Maurice. Tarehe 18 hadi 27 Novemba, siku kumi. Fomu yangu ya likizo inafungwa Alhamisi hii saa sita mchana. Ongea na bosi wako kabla Ramadhani hajarudi, kabla mtu mwingine hajaugua. Ulipomsaidia mamake hukuuliza bei, nami sikuulizi. Lakini mimi pia ni mmoja. Nijibu kabla ya hiyo saa sita. Ndiyo au hapana. Neno moja latosha."