Kama Maziwa ya Ayeeyo

Garissa,
Jumapili

Abshir,

Huna haya. Nimelitanguliza hilo kabla ya salamu lisije likapotea njiani.

Sasa, asalaam aleikum. U mzima? Ayan mkeo, ile miguu imeacha kuvimba? Mwambie apunguze chumvi. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, mbuzi wote wapo, na maziwa yangu bado yanamalizika kabla jua halijafika utosini. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichofundishwa kuandika pale ngumbaru, na pia nataka vijana wako wa kiwandani waisome barua hii. Hao hawakuwatia nyanya zao kwenye karatasi za aiskrimu.

Aiskrimu zako zilifika wiki mbili zilizopita, masanduku matatu yenye barafu, kwa basi lililokuja na msafara wa polisi. Nimo mwenye duka akazitia kwenye friji yake. Mimi nilikuwa nimeketi sokoni na vibuyu vyangu, mara nikaona wanawake wa maziwa wananitazama na kucheka. Mmoja wao, Shamso, akaja na karatasi ya koni, akaniuliza tangu lini nauzwa nikiwa baridi. Nikaitazama. Yarabi! Nilikuwa mimi. Mtandio wangu wa Idi, pengo langu, kila kitu. Ile picha uliyonipiga ukasema ni ya ukumbusho!

Na unajua karatasi ya koni hufunguliwaje? Huchanwa kutoka juu. Juu ndipo ulipoweka kichwa changu. Mji mzima umenikata kichwa, Abshir. Nimelala mitaroni, nimekanyagwa na punda, na juzi mbuzi wa Shamso amenila jicho. Watoto wa shule wananisalimia Ayeeyo Baridi (vijana wako wajue, ayeeyo ni nyanya). Mimi, ambaye hata babu yako, Mungu amrehemu, hakuwahi kunitaja kwa jina mbele za watu!

Hilo ningelimeza. Lakini kuna maandishi. Nilisoma mwenyewe, herufi moja moja, kubwa na nyekundu: MAZIWA YA AYEEYO. Ayeeyo ni wengi hapa Garissa, lakini maziwa ya ayeeyo mwenye sura hii ni ya ngamia, hayajawahi kuonja maji, na hakuna asiyejua. Watu wakauliza kama kweli ni ya ngamia. Wakaapiwa kuwa ndiyo, wallahi. Basi wakanunua hadi Nimo akakosa pa kupumulia.

Maalim Dagane unamkumbuka? Ndiye aliyekufundisha Kurani, wewe uliyekuwa ukifuta ubao kwa mate. Ana ugonjwa wa sukari. Chai ameiacha, na kinachompita kooni asubuhi ni kikombe cha maziwa yangu. Akapelekewa koni, akaambiwa ni maziwa yale yale, yamegandishwa tu. Akala, akasema ngamia wa leo amelishwa asali. Kesho yake akaagiza mbili, kesho kutwa yake tatu, na joto la mwezi huu unalijua. Siku ya nne aliamka macho yana ukungu, akinywa maji kama ngamia aliyetembea kutoka Liboi, akaanguka akienda kuswali adhuhuri. Sasa yuko hospitali anadungwa sindano, na mara anamtambua bintiye Fatumo, mara anamwita kwa jina la marehemu mama yake.

Fatumo alinijia na karatasi mkononi. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Aliniomba nimwonyeshe tu ni ngamia yupi anayetoa sukari. Nikaenda kwa Nimo, nikafungua koni, nikaonja. Ile kaki yako, unayoioka juu ya chuma na kuikunja ingali moto kama mwanamke na mkate wake wa anjera, ni nzuri, sikatai. Lakini maziwa hayana moshi! Hata harufu ya moshi. Wewe ulikuwa ukinishikia vijinga vya moto nikifukiza vibuyu, unajua ya kwetu yana moshi hadi mwisho wa kikombe. Yale ni maziwa ya unga ya mkebe na sukari. Nikamwambia Nimo mjukuu wangu ameandika uongo. Nimo akasoma, akaweka ukucha chini ya kidevu changu pale kwenye picha. Hapo, kwenye kivuli cha mtandio, kuna neno lingine, dogo kama sisimizi. Kama. Kama Maziwa ya Ayeeyo.

Nilipokupigia kutoka posta ulisema si uongo, wenye viwanda wote hufanya hivyo, na neno lipo. Lipo! Hata shetani yupo.

Sasa nisikilize, maana hili sikulisema kwenye simu. Aliyeapa wallahi pale sokoni ni mimi. Asubuhi nilikasirika, lakini kufika alasiri nilipoona watu wamepanga foleni kwa ajili ya sura yangu, kichwa kilivimba. Nikaapa bila kuonja. Miaka arobaini sijaapia kibuyu ambacho ulimi wangu haujakigusa, nikaja kuapia karatasi. Na aliyempelekea Maalim koni ya kwanza ni mimi pia. Nilimfungulia kwa mkono wangu, nikajichana kichwa mwenyewe. Fatumo anadhani ni Nimo. Kesho alfajiri, kabla ya kuuza hata kikombe kimoja, nitamwambia ukweli.

Karatasi zote zilizobaki zenye uso wangu zitie moto. Msalimie Ayan, na kitoto chenu kibusu kwenye paji la uso. Jirani zako wote unaoswali nao nawasalimu. Mungu akulinde, mjinga wangu.

Ni mimi nyanya yako,
Weris Ogle, muuza maziwa.

Panda basi la Alhamisi. Ukishuka usije nyumbani; pitia sokoni, ubebe kibuyu changu, twende kwa Maalim, wewe useme lako nami niseme langu. Na usinijibu eti kama utapata nafasi. Hilo neno lako liache huko huko Nairobi.