Vitabu Vipya Ambavyo Sitawatajia Majina

Jumapili, Novemba. Jua kali tangu asubuhi. Mawingu yamejikusanya kule chini upande wa Masasi na hayana nia ya kupanda huku kwetu. Kitangari nzima inanuka moshi wa korosho. Nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo najielekezea mimi mwenyewe.

Wale mnaopita hapa bloguni mnakumbuka niliahidi orodha ya vitabu vipya. Naitoa, ila majina sitayaandika. Nikiyaandika utavitaka, na ukivitaka hutavipata. Afadhali uvijue kwa sura tu, kama mtu uliyepishana naye stendi.

Vilikuja shuleni Julai, katoni mbili, vitabu ishirini na vitatu. Madam Neema, mwalimu wetu wa maktaba, aliniita kwa sababu katika Kidato cha Tatu ni mimi peke yangu ninayebaki darasani wakati wa mapumziko. Akaniambia, "Fadhila, wewe kuongea huwezi. Basi visome, uandike kila kimoja kinamfaa nani." Nikavisoma vyote. Vingi nilivisomea kwenye foleni ya maji, nimekalia ndoo, nikisogea kila foleni inaposogea bila kuinua macho. Kwa kila kitabu nilikata kadi ya manila, nikaandika, nikabandika ukutani.

Kwa watoto wa chekechea: cha picha, kuhusu mbuzi aliyekula daftari la mwalimu akaanza kujua hesabu. Mdogo wangu alicheka mpaka akapaliwa, na mimi nilikuwa namsimulia tu.

Kwa wa darasa la tano na la sita: kinachoeleza kwa nini ndege ya chuma haianguki. Hakiwafanyi wajinga. Kinaanza na karatasi na pumzi yako mwenyewe.

Kwa wanaopenda kuogopa: hadithi fupi saba za vitisho. Ya nne msiisome mkiwa peke yenu. Mimi niliisoma nikiwa peke yangu chooni na nilijuta.

Kwa wanaosema mashairi ni magumu: diwani jembamba la mtu anayemlilia mkewe. Hakuna neno humo ambalo bibi yangu hangelielewa.

Kipo na kinachofundisha vijana namna ya kufanikiwa. Kwenye kadi niliandika kwamba mwandishi anashauri tuamke saa kumi alfajiri, na nadhani hajawahi kuishi mahali ambapo watu huamka saa hiyo kwenda kutafuta maji na bado hawafanikiwi. Madam alicheka, akaniambia niiache ilivyo.

Halafu riwaya. Mwanamke anarudi kwao kudai shamba la minazi ambalo kaka zake wamegawana baba alipofariki. Kwenye kadi niliandika: "Kwa mama yeyote."

Hapo ndipo nilipoharibu.

Mkuu wa shule alikuwa ametuahidi jambo mbele ya wote. Kama hadi shule inafungwa Desemba hakuna kitabu kitakachochafuka wala kupotea, kuanzia Januari chumba cha maktaba kitafunguliwa kila Jumamosi kwa kijiji chote, watoto, wazazi, wazee. Nilipanga hata meza ikae wapi. Mama yangu aliishia darasa la saba na tangu hapo hajasoma kitu zaidi ya kalenda na karatasi za dawa. Alihitaji kusubiri miezi miwili tu.

Mimi ndiye niliyeshindwa kusubiri. Mimi ndiye ninayeshika daftari la kuazima, na mimi ndiye niliyeitia ile riwaya kwenye begi bila kuiandika.

Mama alikataa kwanza. "Mimi na kitabu? Macho yenyewe haya yameshakula moshi." Kesho yake nilimkuta uani anabangua korosho, kitabu amekiegemeza kwenye kinu, midomo inacheza. Hakunisikia nilipoingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu nyamaza, kaka yake anamdanganya hapa." Kisha akapiga ganda kwa nguvu kama vile ni kichwa cha huyo kaka. "Mwanaume mzima, na ndevu zake!"

Mama Shaibu, jirani yetu, akawa anakuja na korosho zake ili asomewe. Wanabishana. Mama Shaibu anasema dada mtu angechukua fedha kidogo aondoke zake, mama anasema, "Wewe ndiyo maana mumeo anakuuzia kuku wako." Sijawahi kusikia mama akicheka hivyo saa za kazi.

Sasa, mafuta ya ganda la korosho. Ambaye si wa huku ajue kwamba yanaunguza. Yakikugusa ngozi inababuka na kubaki nyeusi wiki nzima. Kwa hiyo anayebangua hupaka majivu mikononi kwanza, ndivyo mama alivyofundishwa na mama yake. Na mama, kwa kukiheshimu kile kitabu, alikuwa anapaka majivu upya kila anapotaka kugeuza ukurasa. Aliniambia kwa fahari, "Usiwe na wasiwasi, nakipakia majivu. Hakitaungua."

Majivu yanaokoa ngozi. Karatasi hayaiokoi. Yakichanganyika na yale mafuta yanakuwa kama lami.

Jumatano nilikifungua. Kila ukurasa una vidole vyake, vinne upande huu na gumba upande ule, vyeusi vimezungukwa na rangi ya kahawia, na mafuta yamepenya hadi kurasa za nyuma. Alikuwa amebakiza sura tatu.

Sikumwambia. Nilisema kuna mtu anakihitaji, nikakirudisha rafuni katikati ya vitabu vinene. Nilidhani nini? Kwamba kitajisafisha?

Ijumaa mkuu wa shule alisimama mstarini akakiinua juu, amekishika kwa ncha za vidole kama mtu anayeshika panya aliyekufa. "Hiki ni kitabu au ni kitambaa cha jikoni?" Watu wakaangua kicheko. Nyuma yangu mmoja akasema, "Huyu alikuwa anasoma au anakaanga?" Mkuu akauliza ni nani. Akauliza tena.

Nilikuwa mstari wa pili. Ningenyoosha mkono, angeniona.

Nilinyamaza.

Baadaye Madam Neema aliniuliza tukiwa wawili tu, taratibu, "Fadhila, daftari halionyeshi jina. Unajua lolote?" Nikasema, "Sijui, Madam." Kisha akaniambia nizibandue kadi zangu mwenyewe, kwa uangalifu, zisichanike. Vitabu vyote vimefungiwa kabatini. Januari hakuna Jumamosi ya mtu yeyote. Mkuu amesema vitatolewa wageni wakija, kisha vitarudishwa.

Nimekasirika kwamba mtu anaweza kuogopa doa kuliko anavyoogopa watu wasiosoma. Hicho ndicho kitabu pekee kati ya ishirini na vitatu ambacho mtu mzima wa kijiji hiki amekishika. Hayo ningeweza kuyasema pale mstarini. Lakini nitakuwa mwongo nikimlaumu mkuu peke yake. Sikunyamaza kwa kuogopa viboko. Nilinyamaza kwa sababu walicheka, na sikutaka wajue vidole vile ni vya mama yangu. Vidole hivyo ndivyo vilivyoninunulia sare.

Mama hajui lolote. Anaamini kitabu kipo kwa msomaji mwingine. Jana aliniuliza, leo ameniuliza tena wakati tunatwanga.

"Huyo mwenzangu hajamaliza tu?"

"Bado, mama."

"Msomaji gani huyo! Mwambie Mama Fadhila anaulizia, zamu yangu haijaisha."

Nikajitolea kumsimulia mwisho, maana naujua. Akaninyooshea mchi. "Thubutu! Nimefika mwenyewe hadi hapo, na kumaliza nitamaliza mwenyewe." Kisha akaniambia nimkumbushe kunawa vizuri zaidi safari hii, kwa sababu aliona kama ukurasa mmoja ulipata alama kidogo.

Ukurasa mmoja. Alama kidogo.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele, nitakwenda ofisini kwa mkuu niseme kitabu nilikitoa mimi, na msomaji wake ni mama yangu, na amebakiza sura tatu. Nimeshaandika maneno yenyewe kwenye karatasi ili nisipoweza kusema, niwe na kitu cha kumpa. Hilo naona naliweza.

Lakini kabla ya hapo kuna leo jioni, kuna mama, na yeye siwezi kumpa karatasi. Nitamtazama vipi mikononi nimwambie?