Miadi ya Wiki ya Kumi na Mbili

14 Mtaa wa Albert,
Burnley, Uingereza.
9 Novemba 2023

Mpendwa Mama Mdogo Glenys,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje huko Nyuzilandi? Na Baba Mdogo Ted, bado anagombana na kondoo wa jirani? Huku tu wazima wa mwili. Moyo wangu ndio mgonjwa, na kwenye simu ningelia tu, kwa hiyo naandika.

Mama Mdogo, nilikuwa mjamzito. Unajua kwetu mimba haitangazwi mpaka utrasaundi ya hospitali, wiki ya kumi na mbili. Nilishindwa kungoja. Wiki ya tisa tukaenda kliniki ya kulipia, ile iliyo juu ya duka la miwani. Mama sikumwambia kitu. Mtu aliyekuwa mkunga wa serikali miaka thelathini na nne! Angenimeza mzima: "Kwani wakunga tumekufa, mpaka ukalipie cha bure?"

Pale kliniki wanauza wanasesere wa dubu. Wanarekodi mapigo ya moyo wa mtoto, wanayatia tumboni mwa dubu, ukimbonyeza unayasikia. Mume wangu Craig akalipia dubu wetu kabla hata sijapimwa, akamtania binti wa mapokezi: "Nichagulie asiyefanana na mama mkwe." Tukacheka, wajinga sisi.

Mpimaji akaanza kupitisha kifaa chake tumboni mwangu. Mkono wake ukazunguka, ukarudi palepale. Kisha akasema, "Pole, dada yangu. Sioni moyo ukidunda."

Wao hawatibu, wanapiga picha tu. Akaniandikia barua niende hospitali ya serikali, kwa wale wale niliowakimbia. Tukiwa tunatoka, binti wa mapokezi, hajui hili wala lile, akanikabidhi dubu kwenye mfuko wenye utepe. "Hongereni jamani!" Nilimbonyeza ndani ya gari. Kimya.

Hospitali walinipokea vizuri, nisiseme uongo. Ila walinirudisha nyumbani nikae wiki nzima ndipo wapime tena, wahakikishe. Wiki ile simwombei hata adui. Jibu likawa lile lile. Craig anasema ni heri tulijua mapema. Mimi najilaumu tu, usiku na mchana. Ningengoja kama wenzangu, ningebaki na furaha yangu siku chache zaidi.

Jumamosi Mama akaja, akaokota barua mlangoni. Muhuri wa hospitali yake anaujua hata gizani, na kwa umbeya wake akaifungua. Ilikuwa miadi ya ile utrasaundi ya wiki ya kumi na mbili. Waliopanga hawakuwa na habari kwamba mimba haipo tena. Akaingia jikoni akicheza. "Mshenzi wewe! Unanificha mjukuu wangu?" Alinizungusha jikoni kote.

Nilipomweleza yote, nilingoja matusi kuhusu ile kliniki. Hakutukana. Aliuliza tu, "Nani alikushika mkono?"

Jumatatu alipiga yeye simu kufuta miadi, mimi niliishiwa nguvu. Aliyepokea ni mkunga ambaye Mama alimfundisha zamani, akaitambua sauti, na kwa kusikia jina langu tu akashangilia mpaka mimi nikamsikia: "Sista Maureen! Kumbe unakuwa bibi!"

Mama akamjibu, "Nilikuwa, mwanangu. Jumamosi, kama dakika tano hivi."

Mpigie simu dada yako, tafadhali, ila usimwambie nimekuandikia. Nisalimie Baba Mdogo Ted na kaka Rhys na wanawe. Mungu awalinde nyote, awape afya na usingizi mwema.

Wako akupendaye kwa moyo huu uliovunjika,
Leanne