Leo Nimekalia Pipa la Maji Darajani

Jumanne. Joto la Novemba. Mawingu yamejazana upande wa Rudewa, lakini mvua bado inaringa.

Kwanza mjue mnasoma habari za mtu mwenye bahati. Mto wetu umeshasomba madaraja mawili, na mara zote mbili mimi nilikuwa nimeshavuka, niko nyumbani nakunywa chai. Nimekuwa utingo wa malori mpaka Ndola, nimevuka mito yenye mamba na mito yenye maaskari, sijawahi kukwama ng'ambo. Watu wa Mikumi huniuliza natumia dawa gani.

Basi mtu kama huyo leo amekalia pipa la maji, jua la utosi, wanaume wazima wakimtukana.

Daraja la tatu linajengwa kwa zege la aina mpya. Injinia wetu, binti mdogo lakini mkali, alitueleza kikaoni: saruji imepunguzwa, mahali pake yamewekwa majivu ya makaa ya mawe, kisha kuna dawa ya maji inayotiwa kwa kipimo. Bei yake iliwafanya wazee wakune vichwa. Mimi nimeishia darasa la sita, tena mengi niliyasikia nikiwa nje nimesimamishwa, lakini hili nililielewa. Zege la bei rahisi linafyonza maji, nondo zinaoza ndani, unajenga upya. Na kila ukijenga upya, kuna kiwanda kinachoma mawe na kufuka moshi, kuna mchanga unachimbwa kingo za mto huuhuu mpaka mashamba yanamegeka. Soko huria limetuletea saruji kila duka, na zabuni anapewa mwenye bei ndogo. Bei ndogo unayoilipa kila baada ya masika makubwa, udogo wake uko wapi?

Sijidai najua yote. Majivu yenyewe yamekuja kwa lori, na lori halinywi maji ya kisima.

Shida ni kwamba zege hili ni zito. Na sisi huku tukiona zege zito tunaongeza ndoo ya maji, liteleze, wabeba karai wapumue. Ndivyo tulivyojenga nyumba zetu zote, na ndiyo maana zina nyufa. Injinia alikataza. Leo asubuhi akaenda Kilosa kufuata mafuta ya mashine, na vumbi lake halijatua, shemeji yangu Chande, msimamizi wa vibarua, akamwaga ndoo ya maji kwenye zege.

Nikaenda nikakalia pipa.

"Shemeji, toka hapo, watu wanavunjika shingo!"

"Njoo unitoe."

"Tangu lini umekuwa injinia wewe?"

"Tangu dada yako aliponikubali. Siku ile niliona hakuna kinachonishinda."

Watu wakacheka. Chande hakucheka.

Kilichonichoma ni Mama Zuhura. Alipita na karai kichwani, anahema, akanitazama kama nimemnyima maji ya kunywa. Nikamwamkia, nikamwomba akalie pipa yeye, nikabeba karai lake. Chande ana ubavu wa kunitukana mimi, si wa kumsogeza mama aliyemlea.

Lile zege lililotiwa maji wakataka kulitupa mtoni. Nikakataa hilo pia. Daraja la pili lilipojengwa niliona kambale wanaelea tumbo juu baada ya mafundi kuoshea vyombo vya saruji mle. Tukalibeba mpaka lango la zahanati, tukafukia tope linalonasa baiskeli za wagonjwa.

Injinia aliporudi alijaza zege kwenye kopo lake la kupimia, akalipindua, akalinyanyua. Zege likabaki limesimama, dalili kwamba halikuzidishwa maji.

"Endeleeni," akasema. Basi. Hata asante hakuna.

Jioni hii Chande hanisemeshi, na mke wangu kaniwekea ugali kama anamwekea mgeni wa wilaya. Wanune tu. Kesho kumimina kunaendelea, na mimi nitakuwa juu ya pipa kabla Chande hajavaa viatu. Akitaka, animimine humohumo kwenye zege.

Na ile bahati niliyojisifia ni uongo. Daraja la pili lilipoondoka nilikuwa upande wa Mikumi, nyumbani kuko ng'ambo. Mama yangu alifariki alfajiri ile, mazishi hayakuweza kungoja, nikaona jeneza lake likipita ng'ambo kwa mbali. Sikuvuka.