Nyumba Iliyovutwa na Trekta

Amalemba, 6 Februari 1983

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Mimi ni mzima, natumaini kifua cha Mama kimepoa.

Baba, naomba ile karavani, nyumba ya magurudumu aliyoiacha mzungu shambani, ile kuku wanalalanga ndani. Kiwanda cha sukari kinaajiri kila siku na nyumba za wafanyakazi zimejaa. Mchumba wangu Kibiwott amepewa kiwanja kando ya karakana ya trekta, lakini hana nyumba. Nikiitengeneza, tutafunga ndoa Agosti.

Binti yako,
Beldina

Mautuma, 27 Februari 1983

Kwa binti yangu,

Hatujambo, Mama anakohoa kidogo tu. Kuku nimewahamisha. Kibiwott aje na trekta aichukue. Lakini sitamwoza mtoto wangu bandani. Nitakuja mwenyewe kuikagua. Ikivuja, au ukiwasha taa moshi ukatoka, harusi hakuna.

Baba

Amalemba, 22 Mei 1983

Kwa Baba,

Habari za mahindi na mvua? Huku kazi ni nyingi, lakini afya ipo.

Nimeng'oa kila kitu. Nyaya za zamani, mpira wake ulikuwa unapukutika mkononi kama mkate mkavu, na panya walikuwa wametafuna zingine. Nimepitisha nyaya mpya nyuma ya mbao, kila taa na swichi yake, zote zinatumia betri ya trekta. Kuta nimezipiga msasa mpaka rangi ya asali ikatokea. Kitanda kinakunjwa kinakuwa meza. Kibiwott ameziba paa. Jana wenzangu walikuja kunywa chai ndani, wakakataa kutoka.

Njoo uone.

Beldina

Mautuma, 19 Juni 1983

Binti yangu,

Nilifika salama. Uliniona nikizima taa na kuwasha, nikizima na kuwasha. Sikuwa natafuta kosa. Nilikuwa nafurahia tu.

Nimemwambia Mama ni nzuri kuliko nyumba yetu, amenuna mpaka sasa. Wazee wa Kibiwott waje.

Baba

Karakana ya Trekta, Kakamega, 11 Septemba 1984

Wapendwa Baba na Mama,

Mko wazima? Sisi tuko salama, na tumeongezeka.

Uchungu ulinianza Jumamosi mchana, mvua ikimwagika. Hakuna gari lililokubali kuingia kwenye tope letu. Kibiwott akafunga karavani nyuma ya trekta, akamwita jirani yetu Dorothy, ambaye ni mkunga, tukaelekea hospitali ya Mukumu. Palipoteleza, wakata miwa walisukuma. Mawingu yakafunga, ndani kukawa giza.

"Beldina, sioni kitu," Dorothy akasema.

"Swichi iko juu ya kichwa chako."

Akawasha. Mtoto alizaliwa njiani, kuta zote zinang'aa. Sista alipofungua mlango alimkuta ananyonya. Ni msichana, Baba, na ana sauti kubwa kama yako.

Beldina

Mautuma, 16 Septemba 1984

Kwa mjukuu wangu,

Karibu. Hatujaonana, ila sauti yako nimeambiwa. Barua ya mama yako nimeisoma pale sokoni, watu wakaniomba nirudie. Nyanya yako Milcah amefunga mizigo tangu asubuhi na hataki kuongea na mtu, anasema namchelewesha.

Tunaondoka kesho. Mwambie mama yako asihangaike na mahali pa kulala. Hatuji kulala, tunakuja kukutazama.

Mimi,
Babu